Je, Wajua? Serikali Haina Kibla

Je, wajua kwamba chuo kikuu kilichoko Tudor kilianza kama chuo cha Waislamu? Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kando ya barabara ya Tom Mboya, kilibuniwa mwaka 1948 kikiwa Taasisi ya Elimu ya Waislamu, maarufu kwa jina la MIOME. Lengo lilikuwa kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Tazama waliotoa pesa: Sultani wa Zanzibar, ambaye ukoo wake ni wa madhehebu ya Ibadhi, Aga Khan, imamu wa Ismailia, jamii ya Mabohora, na serikali ya kikoloni, ambayo mfalme wake alikuwa mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uingereza. Wote hao walichangia chuo kilicho katika pwani ambayo Waislamu wake wengi ni Mashafii! Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Tarehe 4 Mei 1966 jina likabadilika kuwa Taasisi ya Kiufundi ya Mombasa, na milango ikafunguliwa kwa kila kabila na kila dini. Mwaka 1972 ikawa Politekniki, 2007 ikawa chuo kikuu kishiriki, na 2013 chuo kikuu kamili. Anayetaka kuona jinsi mali ya dini inavyoweza kuwa mali ya umma haimlazimu kwenda Ufaransa. Apande tuktuk ya Tudor.

Je, wajua kwamba Kenya haina dini? Wakenya wanazo, tena tele, lakini nchi yenyewe haina. Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 kinasema hivyo kwa sentensi moja fupi kuliko jina la makanisa kadhaa ya hapa mjini.

Na wajua kwamba Katiba hiyohiyo inaanza kwa kumtaja Mwenyezi Mungu? Dibaji yake inaukiri ukuu wake. Wimbo wa taifa, ambao sauti yake imetokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, nao unaanza kwa kumwita Mungu. Bunge nalo halianzi kikao mpaka Spika asome dua. Kuna wanaoona huo ni unafiki. Mimi sioni. Kumtaja Mungu bila kumpa dhehebu hakumnyimi mtu haki yake. Kumuuliza mwananchi anaabudu nini kabla ya kumpa kitambulisho kunamnyima, na hilo ndilo Kifungu cha 32 kinalolikataza: mtu asinyimwe kazi, huduma wala haki kwa sababu ya dini yake au imani yake, na asilazimishwe kutenda lililo kinyume cha imani yake. Wanaodhani kanuni hii ni ya wasiosali wawaulize Waislamu wa pwani na wa kaskazini, ambao kwa miaka mingi wamelalamika kwamba wao husailiwa kuliko wenzao wanapoomba kitambulisho.

Je, wajua kwamba waweza kutoa ushahidi mahakamani bila kushika Msahafu wala Biblia? Sheria ya viapo, Sura ya 15 ya sheria za Kenya, inamruhusu asiye na dini, na pia yule ambaye dini yake inamkataza kuapa, atoe ahadi rasmi ya kusema kweli. Usidhani ruhusa hiyo ni ya wakanamungu peke yao. Wako Maquaker, ambao kwa mapokeo yao hawaapi, na Kenya ndiyo nchi yenye Maquaker wengi kuliko nchi yoyote duniani. Hata Rais anaweza kushika madaraka kwa ahadi tu, bila kiapo.

Je, wajua wasio na dini Kenya ni wangapi? Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 755,000, karibu asilimia 1.6 ya Wakenya. Chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa Februari 2016, kikasimamishwa na Mwanasheria Mkuu miezi miwili baadaye, kikaenda mahakamani. Kipo hadi leo.

Je, wajua kwamba Tanzania haiulizi swali hilo kabisa? Mara ya mwisho sensa ya Tanzania kuuliza dini ya mtu ilikuwa 1967. Katiba yao inaitaja nchi kuwa isiyokuwa na dini, na Ibara ya 19 inaiweka shughuli ya kuendesha jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Faida yake ni kwamba hakuna mwanasiasa anayeweza kupanda jukwaani na kusema sisi ndio wengi. Hasara yake ni kwamba kila upande hunong'ona kuwa ndio wengi.

Sasa tuingie penye ubishi. Je, wajua kwamba Kadhi ni hakimu wa serikali isiyo na dini, na mshahara wake ni wa serikali hiyo? Wageni kutoka bara hushangaa, na wana haki ya kushangaa. Lakini asili yake ni hii. Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar aliwaachia Waingereza uendeshaji wa ukanda wa maili kumi wa pwani, ila enzi ikabaki yake. Bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea juu ya Fort Jesus hadi 1963. Makadhi nao wakaendelea kuhukumu. Uhuru ulipokaribia, wafuasi wa vuguvugu la Mwambao wakitaka pwani iwe nchi yao, Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, walibadilishana barua Oktoba 1963. Kenyatta aliahidi uhuru wa ibada, mahakama za Kadhi zidumu, watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu kadiri itakavyowezekana, na hati za ardhi za pwani ziheshimiwe. Sultani akauachia ukanda. Januari 1964 serikali ya Shamte ikapinduliwa, na ahadi ikabaki mikononi mwa upande mmoja tu wa waliotia saini. Kwa hiyo Kadhi hakuingia katika sheria za Kenya kwa hisani. Aliingia kwa mapatano.

Na wajua mipaka yake? Kifungu cha 170 cha Katiba kinampa Kadhi mambo manne: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Hayo manne yenyewe ni mpaka pande zote ziwe Waislamu, tena zikubali kuhukumiwa naye. Mmoja akikataa, Kadhi hana la kufanya. Hana mamlaka juu ya mwizi, mlevi wala jirani yako Mkristo.

Je, wajua kwamba majaji watatu waliwahi kusema mahakama hizo zinakwenda kinyume na nchi isiyo na dini? Viongozi wa makanisa walifungua kesi mwaka 2004. Hukumu ikatoka tarehe 24 Mei 2010, wiki kumi tu kabla ya kura ya maamuzi ya tarehe 4 Agosti, na kifungu cha Kadhi katika Katiba ya zamani kikatajwa kuwa cha ubaguzi. Wananchi wakaipitisha Katiba mpya, Kadhi akiwemo, kwa zaidi ya theluthi mbili ya kura. Makasisi wale tusiwabeze. Kodi ya kila mtu inamlipa afisa ambaye kwa sharti la Katiba lazima awe Muislamu, na hoja hiyo haifutwi kwa kelele. Jibu langu ni kwamba mapatano ni mapatano, na mlango wa Kadhi ni wa hiari. Ila hiari yenyewe tuiangalie vizuri. Mjane wa Mji wa Kale ambaye mashemeji wamemkalia kikao wakimwambia kupeleka mirathi Mahakama Kuu ni kuasi dini, huyo hiari yake iko wapi? Katiba imemlinda na serikali. Na mashemeji, nani atamlinda nao?

Je, wajua kwamba mwaka 2025 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyotoka Mombasa, iliamua kwamba watoto wa baba Muislamu waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi kwa sababu hiyo? Masheikh wengi waliipinga hukumu hiyo. Mjadala bado uko barazani na hautamalizwa na safu hii.

Na Tanzania Bara? Mahakama za Kadhi zilifutwa huko mara baada ya uhuru. Zanzibar zipo.

Je, wajua kwamba chama cha siasa cha Kiislamu kilianzishwa hapahapa Mombasa? Ni Islamic Party of Kenya, IPK, cha mwaka 1992, mara tu mfumo wa vyama vingi uliporudi. Serikali ya KANU ilikataa kukisajili kwa hoja kwamba ni chama cha dini. Mei mwaka huo wahubiri walikamatwa na mji ukawaka, mawe upande huu na mabomu ya machozi upande ule. Sheikh Khalid Balala, mhubiri wa Mwembe Tayari ambaye sauti yake ilijaza watu kuliko mkutano wowote wa chama tawala, alinyimwa pasipoti akiwa Ulaya, akakaa ugenini hadi 1997. Sasa anayekumbuka redio ya enzi hizo atakumbuka pia taarifa ya habari ya Jumapili: ilikuwa ada habari ya kwanza kuwa Rais Moi amehudhuria ibada katika kanisa fulani, na hotuba yake ikafuata. Hiyo hakuna aliyeiita siasa ya dini.

Leo Kifungu cha 91 cha Katiba kinakataza chama chochote kujengwa juu ya dini, kabila, lugha, jinsia au eneo. Naiunga mkono kanuni hiyo, na najua marafiki zangu wengine wa Majengo hawatanielewa. Kosa la 1992 lilikuwa kuipima kanuni kwa mizani mbili, moja ya Mwembe Tayari na nyingine ya Ikulu. Na tusisahau kwamba IPK ilipata watu kwa sababu za duniani: kazi za bandarini, ardhi, vitambulisho, shule. Chama kikanyimwa usajili na malalamiko yakabaki palepale.

Je, wajua kwamba karatasi moja ilitikisa kampeni za 2007? Tarehe 29 Agosti mwaka huo Raila Odinga, aliyekuwa akiwania urais, alitia saini mapatano na jukwaa la viongozi wa Kiislamu, NAMLEF. Kabla hayajatangazwa, nakala ya kughushi ikazagaa ikidai ameahidi sheria za Kiislamu nchini, na makanisa yakashtuka. Siri ndiyo iliyompa mghushi nafasi.

Je, wajua kwamba Fort Jesus iliwahi kushuhudia dini ikitumiwa kama chombo cha kutawala na pande zote mbili? Mreno alipanga mauaji ya Sultani Hasan wa Mombasa, akamchukua mwanawe Yusuf mpaka Goa, akambatiza na kumwita Dom Jerónimo, kisha akamrudisha awatawale Waislamu wenzake akiwa Mkristo mtiifu. Agosti 1631 kijana yule aliingia ngomeni, akamwua kapteni, akarudi kwenye Uislamu, na akawapa Wakristo wa mji, Wareno na Waafrika waliobatizwa, wachague kusilimu au kufa. Wengi wakafa. Jimbo Kuu Katoliki la Mombasa linawakumbuka kama mashahidi wa imani. Wengine humkumbuka Yusuf kama shujaa aliyempiga mkoloni. Mimi naona mtoto aliyebatizwa na waliomwua baba yake, halafu raia waliolipa deni ambalo hawakulikopa.

Tuharakishe kidogo.

Je, wajua kwamba Krapf, mmisionari wa Kijerumani, alipofika Mombasa mwaka 1844 alikuwa na barua ya Seyyid Said, mtawala Muislamu, ya kumtambulisha kwa magavana wake?

Je, wajua kwamba wanafunzi Waadventista hawapaswi kulazimishwa masomo ya Jumamosi? Mahakama ya Rufaa iliamua hivyo mwaka 2017.

Je, wajua kwamba Mahakama Kuu iliutambua Urastafari kuwa dini mwaka 2019, katika kesi ya msichana aliyefukuzwa shuleni Nairobi kwa sababu ya rasta zake?

Na hijabu? Mahakama ya Rufaa iliiruhusu mwaka 2016 katika kesi ya shule moja ya Isiolo inayofadhiliwa na Wamethodisti. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo, si kwa kuikataa hijabu bali kwa sababu ombi halikufikishwa mahakamani kwa njia ipasayo. Matokeo yake kila shule inajiamulia, na mzazi wa Tudor anayempeleka binti shule ya bweni ya kanisa hana budi kuuliza kwanza. Sheria ya elimu ya 2013 inampa mfadhili jukumu la malezi ya kiroho, lakini inamtaka ailinde dini ya watoto wasio wa dhehebu lake. Sentensi hiyo ingebandikwa ukutani mwa kila ofisi ya mwalimu mkuu, kesi zingepungua.

Je, wajua kwamba kumuumiza mtu hisia za dini kwa maneno ya makusudi ni kosa la jinai Kenya? Ni kifungu cha 138 cha Kanuni ya Adhabu, tulichorithi kwa Mwingereza. Nchi isiyo na dini inamfunga mtu kwa kukera dini. Kifungu hicho kingefutwa nisingelia. Watu wenye imani ya kweli wana ngozi ngumu kuliko wabunge wanavyodhani.

Je, wajua kwamba katika sheria ya sikukuu Idd-ul-Fitr ni mapumziko ya Wakenya wote, lakini Idd-ul-Azha imeandikwa kuwa ya Waislamu na Diwali kuwa ya Wahindu? Ndiyo maana kila mwaka tunangoja gazeti rasmi la serikali litangaze kama Idi kubwa ni ya wote.

Je, wajua kwamba chama cha DP cha Uganda kilitaniwa kwa jina la Dini ya Papa, kwa sababu wafuasi wake wengi walikuwa Wakatoliki?

Je, wajua kwamba Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, Desemba 1992, na ikajitoa Agosti 1993 baada ya mzozo mkali ndani ya Muungano? Uhusiano wa nje ni jambo la Muungano, na Muungano hauna dini.

Je, wajua kwamba Comoro, ndugu zetu wa baharini, waliandika katika Katiba ya 2018 kwamba dini ya nchi ni Uislamu wa Kisunni? Oman nayo dini yake ni Uislamu. Na usicheke upesi: maaskofu 26 wa Kanisa la Anglikana wana viti katika Bunge la Uingereza bila kupigiwa kura. Kisiwa cha Mayotte ni sehemu ya Ufaransa, nchi inayojisifia sheria yake ya 1905 ya kutenga dini na dola, lakini sheria hiyo haikufikishwa Mayotte, na makadhi wa huko walihukumu hadi 2010.

Je, wajua kwamba serikali isiyo na dini inaweza nayo kuvuka mpaka? Novemba 2014 polisi walivamia misikiti minne ya Mombasa, Musa na Sakina huko Majengo, Swafaa na Minaa huko Kisauni, wakakamata mamia ya vijana, na misikiti ikafungwa kwa muda. Mwenye silaha akamatwe popote alipo. Lakini bibi aliyekuwa akienda kuswali Magharibi naye akakuta mlango umefungwa.

Upande wa pili kuna Shakahola. Mwaka 2023, katika msitu wa Kilifi, miili ya zaidi ya watu 400 ilifukuliwa, wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walioaminishwa kwamba kufunga mpaka kufa ni njia ya kumwona Yesu. Hapo serikali ilichelewa mno, na kisingizio cha kuheshimu ibada hakifai. Mtoto anayenyimwa chakula ni kesi ya polisi, hata aliyemnyima akiwa na aya mdomoni.

Je, wajua kwamba kanisa limewahi kumrudishia Rais pesa zake? Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza mamilioni ya shilingi aliyotoa Rais Ruto katika parokia ya Soweto yarudishwe. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Anglikana naye alikuwa amewapiga marufuku wanasiasa kuhutubia madhabahuni tangu Septemba 2021. Wanaozuia dini isitumiwe na wanasiasa mara nyingi ni watu wa dini wenyewe, na ningependa kuona misikiti ya kisiwa hiki ikifanya hivyo hadharani.

Na wajua kuhusu kanisa la Ikulu? Julai 2025 ilijulikana kwamba kanisa kubwa linajengwa ndani ya uwanja wa Ikulu ya Nairobi. Rais alisema alikuta pale kanisa la mabati, na kwamba hili jipya analijenga kwa pesa zake. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda kuusimamisha ujenzi. Pesa zinaweza kuwa zake. Kiwanja ni cha Wakenya wote, wakiwemo wale 755,000 wasio na dini.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Ndugu wasomaji wa Tudor, wagombea wataanza kuonekana safu ya mbele Ijumaa na Jumapili, kanzu zimepigwa pasi na Biblia ziko kwapani. Waacheni wasali kama waumini wengine, ila wasipewe kipaza sauti. Kisha wangojeni nje ya ua mkawaulize kuhusu maji taka yanayomiminika katika hori ya Tudor.